Boneti Iliyopauka: Namna ya Kuokoa Rangi ya Gari la Zamani

Tazama gari lolote la miaka ishirini linalolala nje, Temeke au Changamwe. Milango bado ina rangi yake. Fenda nazo, ukizifuta tope, zinakubali kung'aa. Sasa angalia juu: boneti imefubaa, paa limepauka hadi huwezi kujua lilitoka kiwandani likiwa jekundu au la waridi, na mfuniko wa buti umeanza kutoa magamba. Ni gari moja na rangi moja iliyopigwa siku moja, lakini sehemu zilizolala zimezeeka na zilizosimama bado zina nguvu. Aliyefanya hivyo ni jua.

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye nusu ya kwanza ya Oktoba. Mombasa ni hivyo hivyo kwa tofauti ya siku chache. Mwenye gari wa Nairobi naye asijipongeze kwa baridi yake, maana jiji lipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya kuchuja miale ya urujuanimno inavyopungua. Joto ni jambo moja na miale ni jambo jingine. Wengi pwani huilaumu chumvi ya bahari, lakini kazi ya chumvi ni kutu, tena pale ambapo rangi imeshapasuka na bati liko wazi. Kupauka ni kazi ya jua, ndiyo maana magari ya Dodoma hupauka vilevile, umbali wa mamia ya kilomita kutoka wimbi la karibu.

Kinachotokea ni hiki. Rangi ya gari ni chembe za rangi zilizoshikwa pamoja na resini. Miale ya jua, ikisaidiana na hewa na unyevu, huivunja resini ya juu kidogo kidogo. Chembe zikikosa wa kuzishika huachia, na ukipitisha kidole kinatoka na unga. Gari jeupe huota unga huo upesi kwa sababu chembe zake, titani dioksidi, zikipigwa na miale huchochea zenyewe uvunjaji wa resini iliyo jirani. Jekundu lina ugonjwa wake: chembe zenyewe hufa rangi, ndipo unapata lile waridi la kusikitisha.

Sasa jambo la kuliweka kichwani kabla hujanunua hata chupa moja ya polishi. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi ya milimita na pengine kuzidi kidogo. Klia, ule utando usio na rangi unaolinda rangi yenyewe, huchukua mikroni 35 hadi 50 kati ya hizo. Unywele wa mtu una kama 70. Kila unapoikata rangi kwa kampaundi, yaani polishi kali yenye chembe za kukata, unaondoa mikroni kadhaa ambazo hazirudi. Ni akiba ya benki isiyopokea amana, unatoa tu. Mbaya zaidi, viambato vinavyozuia miale vimo ndani ya hiyo klia, kwa hiyo anayeikata sana ili ing'ae leo anaifupishia maisha yake yote. Nimeona magari mengi zaidi yaliyouawa na polishi kuliko yaliyouawa na jua, na wenyewe walikuwa wakilipia huduma hiyo kila mwezi.

Kazi ya kwanza basi ni kuijua rangi uliyo nayo. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia juu. Unagusa rangi yenyewe. Kikitoka na uchafu wa kijivu tu, kuna klia. Magari ya Toyota ya miaka ya 1990, yale Corolla 110 na Carina TI yaliyojaa mitaani kwetu, yanachanganya watu hapa: za metali zote zina klia, lakini nyeupe ile ya namba 040 mara nyingi ilipigwa bila klia, na nyekundu na nyeusi kadhaa pia. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati ndani ya chumba cha injini au kwenye fremu ya mlango wa dereva, mbele ya herufi C/TR. Iandike kwenye simu yako, utaihitaji. Hata hivyo kiamini kitambaa kuliko kibati, kwa sababu kibati hakijui yaliyolikuta gari baada ya kufika bandarini.

Na yaliyolikuta ni mengi. Gari la umri huo hapa kwetu karibu lazima limepigwa rangi upya angalau boneti na bampa. Tafuta dalili: chembe za rangi kwenye mpira wa kioo, nati za fenda zilizopakwa rangi pamoja na fenda yenyewe, mstari wa masking tepu pembeni mwa taa, mlango mmoja wenye rangi inayokaribia tu ya jirani yake. Ukishajua paneli ilipigwa rangi mtaani, swali linalobaki ni kama ilipigwa NC, inayokauka kwa thina kutoroka tu, au 2K, inayochanganywa na hadna (kigumishaji). Lowesha kipande cha pamba kwa thina, gusa kwa sekunde chache ukingo wa chini wa paneli hiyo hiyo, si fremu ya mlango ambayo huenda bado ni ya kiwandani. NC italainika papo hapo na kuacha doa kwenye pamba. 2K iliyokomaa haitishiki na mguso mfupi namna hiyo. Futa upesi.

Ukikuta NC, punguza matarajio. Itang'aa ukiipolishi, tena kwa urahisi, lakini itapauka tena mapema kuliko nyingine, na imepigwa nyembamba au nene kutegemea fundi alivyoamka. Ifanyie kazi kwa mkono tu.

Kuna hali moja ambayo hakuna polishi duniani inayoiponya. Ukiona klia inabanduka magamba, kuna mabaka yenye kingo nyeupe, na ukipitisha ukucha unakwama kwenye ukingo, klia hiyo imekufa. Kampaundi itapanua tu kidonda. Vivyo hivyo mipasuko midogo midogo iliyotapakaa ndani ya rangi: hiyo imeshuka chini kuliko unavyoweza kukata. Kwa paneli hizo ruka hadi mwisho wa makala haya, kwenye habari za kupiga rangi. Nyingine zote zinatibika.

Wakati mzuri wa kazi hii pwani ni Juni hadi Agosti, masika yamekwisha, upepo wa kusi unapoza, na bado una miezi kadhaa kabla jua la kaskazi halijaanza kuchoma. Ukishindwa, fanya wakati wowote ila usifanye juani. Boneti nyeusi kwenye jua la mchana hupita nyuzi 60, na polishi ikiguswa na bati la namna hiyo hukauka kabla haijafanya kazi, ikaacha madoa utakayoyasugua kwa machozi. Weka kiganja juu ya bati. Usipoweza kukiacha hapo kwa raha, ngoja. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi ndiyo saa zenyewe, au chini ya banda siku nzima.

Osha kwanza, tena kwa makini kuliko ulivyozoea. Mwagia maji mengi mchanga uondoke wenyewe kabla hujagusa kwa kitambaa, maana mchanga ulio chini ya kitambaa ni msasa. Ndoo mbili, moja ya povu na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza juu, malizia chini, na kitambaa cha ringi kisipande boneti. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo. Ni kali, na hiyo hiyo inayotumiwa kila Jumamosi mitaani ndiyo inayovua nta yote na kuacha mpira wa madirisha mkavu. Siku hii moja unaweza kutumia sabuni ya maji ya vyombo, kwa sababu leo unataka nta ya zamani itoke. Kesho usirudie.

Kisha kuna yale yanayogoma. Wanaoishi Wazo, Tegeta au Athi River wanajua vumbi la saruji: likipata umande hushika na kuwa saruji kweli. Usilikwangue. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha, subiri dakika chache, suuza, rudia. Siki hiyo hiyo huondoa madoa ya maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, ambayo kwa Dar ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani gari huoshwa na kuachwa likauke lenyewe. Utomvu wa mwembe au mkorosho unatolewa kwa spiriti na subira. Mavi ya kunguru, na Dar, Zanzibar na Mombasa hatuna uhaba wa kunguru, yalowekwe kwa karatasi laini yenye maji hadi yalainike, halafu yainuliwe. Ukiyasugua yakiwa makavu unakwaruza, na ukiyaacha hadi Ijumaa yanakula rangi.

Ukimaliza, ingiza mkono ndani ya mfuko laini wa nailoni na uupitishe juu ya boneti. Nailoni hukuza hisia za vidole: utasikia vichembe ambavyo mkono mtupu hauvisikii. (Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania Bara 2019, kwa hiyo tumia nailoni ya kufungia mkate.) Vichembe hivyo ni vumbi la breki, chuma na masalia ya viwandani yaliyojichimbia kwenye rangi. Vinaondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari, ukiteleza juu ya maji ya sabuni. Kipande kikianguka chini, kitupe, hakuna mjadala.

Hapa kagua kutu. Tundu la jiwe lenye kidoto cha kahawia lisafishwe hadi bati, lipakwe dawa ya kutu, praima na kidoto cha rangi ya namba yako, kabla ya polishi. Ukipolishi juu ya kutu unaipamba tu.

Sasa polishi yenyewe, na hapa nagawa njia.

Gari lisilo na klia lina bahati. Rangi yake ni laini, na chini ya ule unga kuna rangi hai. Kabla ya kukata chochote, jaribu kuilisha mafuta. Kuna aina ya polishi isiyo na chembe za kukata, nzito kwa mafuta. Inayojulikana zaidi ni Meguiar's No. 7, ya kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1901 kwa kutengeneza polishi ya samani. Paka kwa wingi, sugua kwa taulo la pamba lenye nyuzi, acha ilale usiku kucha ndani, asubuhi futa na urudie. Utashangaa wekundu unavyorudi. Mafuta hujaza nyufa ndogo za resini iliyokauka, na unga uliolegea hutoka na taulo. Baada ya hapo ndipo unapita na polishi laini kwa mkono kuondoa kilichobaki. Taulo litakuwa jekundu, na hilo lisikutishe mradi uligeuze kila mara upande safi. Ukiendelea na upande uliojaa unga unairudishia rangi maiti yake. Kwa gari jeupe tofauti ya mafuta haionekani sana, hivyo anza moja kwa moja na polishi laini.

Gari lenye klia halitoi rangi kwenye kitambaa. Ugonjwa wake ni ukungu na michirizi ya duara unayoiona jua likiwa pembeni. Klia ni ngumu kuliko rangi, na kuifanyia boneti nzima kwa mkono ni adhabu, kwa hiyo mashine inafaa. Lakini mashine ipi? Ile inayozunguka huku ikiyumba, inayozunguka bila kung'ang'ania mahali pamoja, haiunguzi rangi kirahisi na mtu wa kawaida anaweza kujifunza kwa asubuhi moja. Mashine ya kuzunguka tu, inayotumiwa na mafundi wengi, inakata haraka na inahitaji mkono uliozoea, mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, si zaidi. Kisichofaa kabisa ni grinda ya kukatia chuma iliyofungwa ngozi ya kondoo. Grinda ya kawaida ina mizunguko kama 11,000 kwa dakika na wala haina mahali pa kuipunguza. Ukimwona fundi anaikaribia boneti yako na kitu hicho, msimamishe kwa heshima. Mwambie, "Fundi, naomba tufanye kwa mkono," na kama anasema wote hufanya hivyo, ni kweli, wote hufanya hivyo, na magari yao unayaona.

Kabla ya kuwasha, funika kwa masking tepu kingo zote za bati, mikunjo ya boneti, plastiki nyeusi zisizo na rangi na mpira wa madirisha. Kwenye kona na mikunjo rangi iliteleza ilipopigwa na ikabaki nyembamba. Sekunde mbili za mashine zinatosha kuonyesha praima. Plastiki nyeusi nayo ikiingiwa na kampaundi inabaki na madoa meupe yanayokataa kutoka.

Tenga eneo la jaribio, kama sentimita 40 kwa 40. Anza na sponji laini na polishi nyepesi kuliko zote ulizo nazo. Matone manne ya polishi, pakaza kwanza mashine ikiwa polepole, kisha ongeza mwendo hadi wa nne au wa tano kati ya sita, pita taratibu huku kila mstari ukiukanyaga ule uliopita nusu, mara nne hadi sita. Futa kwa kitambaa cha mikrofaiba. Tazama kwa tochi ya simu kwa pembe. Ikiwa imetosha, basi hicho ndicho kipimo cha gari zima, na kampaundi kali ibaki dukani. Isipotosha, badilisha sponji kabla ya kubadilisha dawa. Sponji ngumu zaidi yenye polishi ile ile mara nyingi inamaliza kazi. Kampaundi nzito ije mwisho, na baada yake lazima upite tena na polishi laini kuondoa alama zake. Msasa wa maji, namba 2000 au 3000, sikushauri bila kifaa cha kupima unene wa rangi. Usitafute ukamilifu. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha kwa kawaida umezama kuliko unavyoweza kukata, na wa kuufuta kabisa ni mpiga rangi. Uache.

Safisha sponji kila baada ya eneo moja kwa brashi au hewa. Sponji iliyojaa hupasha moto bila kukata.

Ukimaliza, gari litang'aa na utataka kupiga picha. Piga, lakini kazi haijaisha. Umeondoa tabaka lililokufa na sasa lililo wazi halina chochote juu yake.

Niseme kwanza kisicho kinga. Mafuta ya taa, dizeli, na zile dawa za silikoni za kung'arishia dashibodi hupakwa kwenye bodi katika sehemu nyingi za kuoshea magari na katika baadhi ya yadi siku mnunuzi anapokuja. Vinalowesha unga, kwa hiyo rangi inaonekana kwa saa kadhaa. Kisha vumbi hunata, mpira wa madirisha hulainika na kuvimba, na silikoni huingia kwenye kila upenyo na kumtesa fundi rangi wa baadaye, kwani rangi mpya inajikunja na kuacha vijishimo penye silikoni. Ukienda kununua gari na linang'aa huku lina harufu ya jiko la mchina, beba kitambaa chenye sabuni.

Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya minazi na michikichi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inapendeza sana kwenye nyekundu na nyeusi zisizo na klia. Huyeyuka ikizidi nyuzi 80, na boneti yetu haifiki huko, lakini joto la kila siku na kuosha kwa wiki huichosha. Kwa gari linalolala nje hesabu mwezi mmoja hadi miwili. Nta za kutengenezwa maabara hazina mng'ao mtamu kama huo ila zinavumilia, miezi mitatu hadi sita. Kwa gari la kazi, mimi ningechagua hizi bila kufikiri mara mbili. Seramiki, ambayo wauzaji wanaiimba kila kona, ni kioevu chenye silika kinachogeuka utando mgumu. Inadumu kuliko zote, inarahisisha kuosha, inakataa maji. Haizuii jiwe, haizuii mkwaruzo wa mtoto mwenye funguo, na haibadilishi rangi iliyochoka kuwa changa. Ukiifunga juu ya rangi ambayo haijasafishwa umeifungia uchafu ndani. Kwa gari lenye thamani ndogo kuliko gharama ya kuliandaa, sioni sababu.

Kipimo cha kujua nta imekwisha ni maji. Mwagia boneti: maji yakijikusanya matone yaliyo mviringo, kinga ipo. Yakitandaa na kulala bapa, paka tena. Sehemu zilizolala zinastahili kupakwa mara mbili kwa kila mara moja ya milango, nawe utaokoa nusu ya chupa.

Hata hivyo kinga yenye nguvu kuliko chochote kinachouzwa kwenye chupa ni kivuli. Banda la makuti la nguzo nne linaongeza miaka kwenye rangi kuliko seramiki ya bei yoyote. Mti ni kivuli chenye kodi yake: mwembe una utomvu, mnazi una nazi, na mti wowote wenye kunguru una kunguru. Mwarobaini naona ndio wenye hasara ndogo, kama huna banda. Kava la kitambaa linafaa ndani ya geti pasipo upepo. Ukilivika gari lenye vumbi na upepo wa kusi ukalichezesha, umelipa mashine ya kukwaruza boneti usiku kucha. Turubai la plastiki lisiguse rangi kabisa, unyevu hujifungia chini yake na kuacha madoa meupe.

Kama hakuna banda, mti wala kava, basi geuza gari. Anayeegesha mahali pale pale kila siku akiwa kazini huchoma upande ule ule kila alasiri. Leo pua ielekee barabarani, kesho ukutani. Ni bure.

Turudi kwa zile paneli zilizokufa klia. Hizo zinapigwa rangi upya, na hapa pesa nyingi hupotea kwa sababu mwenye gari hakujua aulize nini. Mwulize fundi anatumia NC au 2K. Akisema, "Bosi, NC ni nzuri tu, inakauka upesi," amesema kweli katika nusu ya pili. Inakauka upesi kwa sababu ni thina inayotoroka, hakuna kinachoshikana ndani yake, na jua litaipata mapema. 2K hukauka kwa kuungana na hadna, ni ngumu, na inahimili thina, petroli na jua. Omba kuona makopo, la klia na la hadna yake, ukiwa pale pale yakichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Hadna ikipunguzwa ili itoshe magari mawili, klia yako itabaki laini na kubanduka.

Klia ya zamani iliyobanduka lazima isuguliwe yote hadi kingo zake zisisikike kwa kidole, sio kufunikwa. Fundi anayepiga klia mpya juu ya magamba anakuuzia miezi michache. Ipigwe paneli nzima hadi kwenye mshono, maana kiraka cha katikati ya boneti kinaonekana barabarani kutoka ng'ambo. Sakafu imwagiwe maji kutuliza vumbi, na mvua ikitishia, iahirishwe.

Hadna ya 2K ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa usoni hakiizuii hata kidogo. Kinachofaa ni barakoa yenye vichujio vya mvuke, na iliyo bora zaidi ni ile ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Wewe, watoto wa jirani na muuza chai mkae mbali wakati inapulizwa. Kama fundi hana barakoa, ipo kwenye maduka yanayomuuzia rangi. Kuichangia ni sehemu ndogo ya bei ya kazi.

Ukilichukua gari, usilioshe kwa sabuni wiki ya kwanza, na usilipake nta wala seramiki hadi zipite siku 30 hadi 60, maana viyeyusho vilivyobaki ndani ya rangi mpya vinahitaji njia ya kutokea. Katika muda huo mavi ya kunguru yafutwe siku hiyo hiyo kwa maji matupu. Na siku hiyo ya kulichukua, mwombe fundi mabaki ya rangi kwenye chupa ndogo iliyofungwa vizuri, andika juu yake namba ya rangi na tarehe, na uiweke ndani, mbali na jua.